Washukuru wa Mkonowazi

Wanaosema nchi ya Mkonowazi haipo ni watu ambao hawajapata kuugua kwa muda mrefu. Mgonjwa wa wiki mbili huletewa uji na machungwa. Mgonjwa wa mwaka mzima huanza kuletewa habari, na katika habari hizo, mapema au baadaye, Mkonowazi hutajwa.

Eliwaza aliisikia kwa mteja wake wa zamani. Eliwaza alikuwa msusi, mwenye kibanda nyuma ya soko, na kwa miaka mingi haikupita harusi mtaani ambayo vichwa vyake havikupitia mikononi mwake. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Ulimi ulirudi wote. Mguu ulirudi nusu, akawa anauburuta. Mkono haukurudi. Vidole vilijikunja kiganjani vikabaki hivyo, na kila asubuhi dada yake, Nakijwa, alivikunjua kimoja kimoja ili amwoshe. Nakijwa hakupata kulalamika hata mara moja. Lakini alikuwa ameanza kuguna kila anapoinama, na Eliwaza, aliyekuwa akimsikia, alichoka kwa niaba yake.

"Iko nchi," yule mteja akamwambia, "ambako kila mtu anatoa sadaka kwa ajili ya utafiti wa utengamao. Yaani elimu ile ya kumrudisha mtu mwenye ulemavu kwenye shughuli zake. Hakuna asiyetoa. Hata watoto wa shule wanatoa. Usipopata nafuu huko, dada yangu, basi tena."

Basi akaenda. Namna alivyofika haitatuchelewesha. Safari za wagonjwa zinafanana, sehemu kubwa yake ni kungoja.

Nyumba ya Viungo, ambako utafiti wote wa nchi ile hufanyika, imejengwa kileleni mwa kilima, na mbele yake kuna ngazi za marumaru, pana na ndefu, zilizotolewa na tajiri mmoja aliyependa ngazi. Watu wa viti vya magurudumu na magongo huingilia nyuma, jikoni, kwenye mlango mwembamba usio na jina la mtu. Juu ya lango kubwa kumetundikwa picha ya mtoto wa kiume anayetambaa kwenye tope, macho yake makubwa yakimtazama kila anayepanda. Chini ya picha yameandikwa majina ya waliotoa lango, rangi ya lango, na bawaba zake.

Eliwaza alipokelewa jikoni na Bwana Makarimu, Msimamizi wa Huruma. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso mkononi, na machozi yake hayakuwa mbali.

"Karibu, mama. Karibu sana. Unashukuru vipi?"

"Sijakuelewa, baba."

"Wengine wanashukuru kwa maneno, wengine kwa kulia. Wapo wanaoimba, ingawa hao siku hizi ni wengi. Ulimi unao?"

"Ulimi ninao. Mkono ndio sina."

"Mkono usikusumbue," alisema Bwana Makarimu kwa upole. "Mkono tutaupiga picha."

Akamtembeza mwenyewe nyumba nzima, huku akimweleza sheria za nchi. Zamani, alisema, watu wa Mkonowazi walikuwa wakitoa kwa siri, na ghasia ilikuwa kubwa, kwa sababu hakuna aliyejua nani ni mwema kuliko nani. Ndipo ikatungwa sheria kwamba zawadi isiyoonekana ni wizi. Kila kinachotolewa sharti kiwe na kibao cha jina, siku ya kukabidhiwa, na mtu wa kukishukuru. Eliwaza aliviona vibao hivyo. Kitanda chake kilikuwa na kibao, na mto ulikuwa na chake. Hata ndoo ya kudekia ilikuwa na jina la ukoo mashuhuri.

"Na huyu ametoa nini?" aliuliza, maana kwenye ukuta mmoja kulikuwa na kibao peke yake, hakuna kitu kingine.

"Ametoa kibao," alisema Bwana Makarimu.

Maisha ya nyumba ile Eliwaza aliyazoea upesi kwa sababu siku zake zilikuwa za namna moja. Asubuhi kengele hulia, na wote wenye ulemavu, ambao huko huitwa washukuru, huvaa kanzu za rangi ya majivu na kupangwa ukumbini. Watoaji hupanda ngazi, hupita mbele yao, na kila mmoja hushukuriwa kwa alichotoa. Mzee mmoja asiyeona alipewa saa ya ukutani, akashukuru. Mama asiyesikia alipewa redio, akashukuru kwa mikono, na kwa kuwa mikono yake ilipendeza kuitazama, wakamwongezea ya pili. Mpaka kufika wakati wa chakula cha mchana mashavu huwa yanauma na migongo imekufa ganzi. Baada ya chakula watu hulala kama waliotoka kulima. Jioni wanafanya mazoezi ya kushukuru kesho.

Katika wiki za mwanzo Eliwaza alidhani tiba inakuja. Alingoja kwa adabu. Mwisho akamwuliza Bwana Makarimu ni lini atafanyishwa mazoezi ya mkono.

"Aa, hayo yako kwenye utafiti," alijibiwa, na kesho yake akapelekwa utafitini.

Walikuwa vijana waliosoma, wenye futi za kupimia na makoti meupe. Walimpima ngumi yake, wakaandika. Walimweka karibu na dirisha, wakampiga picha.

"Usitabasamu, mama," alisema mmoja.

"Sikujua kama natabasamu."

"Kidogo tu. Fikiria jambo la huzuni."

Mwaka ule walikuwa wakichunguza ni uso upi unaomgusa zaidi mtoaji, wa mtoto au wa mzee. Mwaka uliotangulia walikuwa wamechunguza rangi ya magongo. Ilionekana kwamba magongo meupe huvuta huruma kuliko ya rangi ya mti, basi yote ndani ya nyumba yakapakwa rangi nyeupe. Rangi hiyo ilikuwa inateleza mkononi, lakini hilo halikuwa swali la utafiti.

Eliwaza akarudi kitandani kwake, akaketi. Hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na nguvu zake zote zilikuwa zimekwisha kwenye kushukuru.

Miongoni mwa washukuru aliyeheshimiwa kuliko wote alikuwa mwanamume mmoja aliyeitwa Chande. Ndiye yule mtoto wa kwenye picha ya lango. Sasa alikuwa na ndevu na sauti nzito, lakini kila asubuhi aliletwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu, miguu imefunikwa shuka, na watoaji wakamwinamia na kusema, "Ndiye huyu, masikini, ndiye huyu!" Alishukuru kwa maneno machache na macho yaliyotazama chini. Eliwaza alidhani ni unyenyekevu.

Siku moja, wakati wenzake wamelala baada ya chakula, alikwenda chumba cha kufulia kutafuta kanga yake. Akafungua mlango. Chande alikuwa amesimama katikati ya chumba, bila kiti, bila gongo, anaanika mashuka. Magoti yake yalitetemeka na alishikilia kamba, lakini alikuwa amesimama. Akavuta hatua moja, akabana shuka kwa kibanio, akavuta nyingine.

Walitazamana.

"Funga mlango, mama," Chande alisema. "Tafadhali."

Eliwaza akafunga. "Mwanangu, wewe unatembea!"

"Natembea humu ndani tu."

"Na mle ukumbini?"

Chande akaketi juu ya beseni lililogeuzwa, akajifuta jasho. Akamweleza Sheria ya Picha, ambayo Bwana Makarimu hakuifikia siku ile. Mtu ambaye picha yake imevuta sadaka lazima abaki kama alivyo kwenye picha, maana akibadilika, waliotoa watakuwa wamedanganywa. "Picha ile ndiyo inayotulisha humu. Nimeambiwa tangu mdogo. Chande akisimama, wenzake watalala njaa."

"Nani kakwambia?"

"Wote. Kwa upole." Akatazama miguu yake. "Kwetu ni mbali na hapa, mama. Wadogo zangu wameoa, wamepata watoto. Nikipata usingizi naota napita kwenye njia ya nyumbani kwa miguu. Nikiamka navaa kanzu."

Aliyemfundisha kutembea alikuwa mtafiti mmoja aitwaye Safura. Zamani alikuwa na chumba juu, chenye madirisha. Alikuwa amegundua jambo ambalo kila aliyelisikia alitikisa kichwa kwa huruma, kwamba kiungo kilichosahau hufundishwa kwa kurudia tendo lile lile dogo, tena na tena, siku nenda siku rudi, mtu mwingine akiwa kando yako. Na kwamba tendo hilo alichague mwenye kiungo. Alikwenda kwa Baraza la Watoaji kuomba wasaidizi watakaofunzwa kukaa na wagonjwa, hata majumbani mwao. Baraza likamsikiliza vizuri sana, kisha likampa chumba cha kufulia.

Safura alikuja mchana ule ule, mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyochanika kwa sabuni. Hakushika futi. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya Eliwaza.

"Dada, unataka kufanya nini?"

Eliwaza hakuelewa. Tangu aingie nchi ile alikuwa ameulizwa jina, umri, na namna yake ya kulia. "Kufanya nini kuhusu nini?"

"Mkono ukirudi. Unataka uufanyie nini?"

"Kusuka," alisema Eliwaza. "Nataka kusuka, daktari."

Safura akafunga nyuzi za katani kwenye mguu wa meza, mafungu matatu, kama nywele. "Basi tutasuka."

Hakuna la kusimulia sana kuhusu siku zilizofuata, na hapo ndipo ilipokuwa shida ya kazi ya Safura. Kila mchana Eliwaza aliketi mbele ya katani. Safura alimkunjua vidole, akaviweka juu ya uzi, vikajikunja tena. Wakarudia. Wakati mwingine Chande alikaa badala ya Safura, akihesabu kwa sauti ya kusinzia. Eliwaza alichukia katani ile. Siku nyingine alilia kwa kuchoka, machozi ambayo hayakuwa ya kumshukuru mtu. Kisha mchana mmoja, bila ya sababu yoyote aliyoijua, kidole gumba kilisogea, kikabana uzi, kikauachia.

Wote watatu walikiona. Hakuna aliyepiga makofi.

"Tena," alisema Safura.

Msimu wa Baraza ukafika. Mara moja kila mwaka watoaji wote hukutana katika ukumbi wa Nyumba ya Viungo kuamua sadaka ya nchi iende wapi, na mwaka ule palikuwa na maombi mawili. La kwanza lilikuwa Mnara wa Huruma, ambao ungeonekana kutoka kila pembe ya Mkonowazi. La pili lilikuwa la Safura, lile lile la siku zote, la wasaidizi. Washukuru walipangwa mbele kama kawaida, Chande akiwa katikati kwenye kiti chake, na Eliwaza alikuwa ameteuliwa kutoa shukrani za kufunga.

Safura alisema kwa ufupi na vibaya, kama watu wanavyosema wanapokuwa wamesema jambo moja mara nyingi. Ndipo mjadala ukaanza.

"Mimi sipingi mazoezi," alisema mzee mwenye kofia ya dhahabu. "Naomba tu nifahamishwe, kibao kitawekwa wapi?"

"Hakutakuwa na kibao," alisema Safura.

"Kwenye msaidizi? Mgongoni?"

"Hapana, mzee."

"Basi wajukuu zangu watajuaje kwamba nilikuwa na huruma?"

Mwingine aliuliza ni siku gani mazoezi hayo yatazinduliwa, na Safura alipojibu kwamba hayana siku moja, ni ya kila siku, minong'ono ikapita ukumbini, kwa sababu hakuna mtu mwenye nafasi ya kuzindua kila siku. Akasimama mjane mmoja tajiri, Bibi Mwanakheri, aliyejulikana kwa kusema anachofikiri. "Mimi nina hofu moja, nami nitaisema. Watu hawa wakipata nafuu wakaenda makwao, sisi tutampa nani?"

Hakuna aliyecheka. Wengi waliinamisha vichwa, wakaona ni swali zito.

Bwana Makarimu alikuwa anajiandaa kupigisha kura za Mnara pale Eliwaza alipoona shuka la Chande likianguka. Chande alishika mikono ya kiti. Uso wake ulikuwa umekakamaa kama wa mtu anayeruka shimo. Akajisukuma, magoti yakatetemeka, yakanyooka. Akasimama mbele ya Baraza zima la Mkonowazi, mrefu kuliko walivyodhani.

"Kazi yake ni hii," alisema, akimwonyesha Safura. "Haina kibao. Ni hii."

Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na ukumbi wote ukafuata. Watu walilia, wakakumbatiana. Mzee wa kofia ya dhahabu alipaza sauti, "Lango limemponya! Picha imemponya!" na wote wakasema kweli, wametoa miaka yote hii, na leo wamejionea. Mnara wa Huruma ukapitishwa papo hapo, bila kura, kwa vigelegele.

"Hapana," Chande alikuwa akisema. "Sikilizeni. Hapana."

"Bwana Makarimu!" iliita sauti kutoka nyuma. "Sisi wa huku hatukuona!"

Bwana Makarimu, leso imelowa kabisa, akamsogelea Chande. "Mwanangu, kaa. Usimame tena kidogo, kwa ajili ya wale wa nyuma."

Chande akamtazama. Alikuwa amezoea kutii kwa miaka mingi, na mazoea hayaachi mwili kwa siku moja. Akakaa. Akasimama. Makofi. Wengine walikuwa wamechelewa ngazini, wakaingia wakihema, wakauliza nini kimetokea. Akakaa. Mara hii alipojisukuma, goti la kushoto lilikataa, na Chande akaanguka kifudifudi sakafuni. Mpiga picha alikuwa tayari. Ilikuwa, walisema baadaye, picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

"Sasa, mama," Bwana Makarimu alimnong'oneza Eliwaza, akimsukuma taratibu kuelekea kwenye kipaza sauti cha jukwaani. "Shukuru sasa, wakati bado wana machozi."

Eliwaza alikuwa na maneno ya kushukuru. Aliyajua kama sala. Akakikaribia kipaza sauti akiburuta mguu, akatazama ukumbi uliojaa watu wema. Maneno hayakutoka. Yakatoka mengine.

"Nimechoka," alisema, na sauti yake ikazunguka kuta zote. "Nimechoka, ndugu zangu. Naomba mtu mmoja aje anisaidie kumwinua kijana huyu. Mimi nina mkono mmoja."

Walimsikia vizuri. Walikuwa watu wa kutoa, wakaombwa, na mikono yao yote ikaenda mara moja pale ilipozoea kwenda: mifukoni. Walibaki hivyo, mikono mifukoni, wakitazamana. Kijana yule alikuwa bado sakafuni.

Eliwaza hakungoja. Alishuka jukwaani, akapiga goti moja, akapitisha mkono wa kushoto chini ya kwapa la Chande. Safura alikuwa anakuja kutoka nyuma, akipenya katikati ya viti, lakini ukumbi ulikuwa mrefu. Kabla hajafika, viatu vya gharama vikasimama karibu na uso wa Chande. Alikuwa Bibi Mwanakheri. Uso wake ulikuwa umechanganyikiwa kama wa mtu aliyetoka nje kwa jambo fulani akalisahau.

"Nashika wapi?" aliuliza.

"Kwapani, bibi."

"Hivi?"

"Chini kidogo. Usivute. Ngoja yeye aanze."

Walingoja. Chande akavuta pumzi, akaanza, nao wakaenda naye juu. Wakatoka ukumbini kwa kupitia jikoni, taratibu sana, Safura akiwafungulia mlango. Nyuma yao walisikia Bwana Makarimu akiwaomba watu radhi kwa kukosa shukrani za kufunga.

Usiku ule Chande hakulala. Asubuhi alikwenda jikoni kabla ya wenzake, kuona kama uji umepikwa. Ulikuwa umepikwa, uji ule ule. Akaenda kwa magongo mpaka langoni. Mafundi wawili walikuwa juu ya ngazi ya mbao. Walikwisha kuteremsha picha ya mtoto wa kwenye tope na walikuwa wanapigilia nyingine, ya msichana ambaye hakuna mtu ndani ya nyumba aliyemfahamu. Kabla ya kengele ya asubuhi walikuwa wamemaliza, wakaondoka.

Eliwaza alimkuta amesimama pale.

"Walikuwa wanaweza kuibadilisha," Chande alisema. "Asubuhi moja tu, mama. Wakati wote ule ningeweza kwenda."

Eliwaza alikaa naye mpaka jua likawa kali. Kisha Chande akaondoka, akiwa amekwaruza rangi nyeupe kwenye magongo yake kwa kisu cha jikoni, na hakuna aliyemzuia, wala hakuna aliyemuaga isipokuwa Eliwaza, Safura na mpishi. Baadaye zilikuja habari kwamba alifika kwao, na kwamba njia ilikuwa ndefu kuliko alivyoiota.

Bibi Mwanakheri alikuja chumba cha kufulia siku chache baadaye. Siku ya kwanza alifuatana na mpiga picha. Safura akamkabidhi mpiga picha huyo mashuka ya kukamua, na hakurudi tena. Bibi Mwanakheri alirudi. Alipewa kukaa na yule mzee asiyeona, ambaye alikuwa anajifunza kujimiminia chai mwenyewe. Alikaa naye mchana kutwa, chai ikimwagika.

"Hakuna kinachotokea," alimlalamikia Safura.

"Ndiyo, bibi."

"Ni hivi kila siku?"

"Karibu kila siku."

Alisinzia, akaamka, akafuta chai, akaja tena kesho yake. Baada ya muda alianza kuwalipa wasaidizi kadhaa wa vijijini waliofunzwa na Safura, na kwa kuwa hakuweka kibao, alishtakiwa kwa wizi wa sadaka. Alikiri kosa, akatozwa faini, akaendelea kuiba. Mnara wa Huruma ukajengwa. Unaonekana kutoka kila pembe, isipokuwa chumba cha kufulia, ambacho dirisha lake linatazama upande mwingine.

Eliwaza alikaa Mkonowazi mpaka vidole vitatu vikawa vinamtii. Kile cha nne na cha mwisho vilibaki vimejikunja, na Safura alimwambia kweli, kwamba huenda vikabaki hivyo. Wakaagana pale pale penye mvuke wa maji ya moto. Safura hakuacha kukamua.

Nyumbani watu walikuja kumtazama. Walitaka kusikia juu ya wema wa nchi ile, na yeye alikuwa amechoka kuusema. Nakijwa peke yake hakuuliza; asubuhi ya kwanza alimwona dada yake ananawa uso mwenyewe, akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba kwa muda.

Kibanda kilifunguliwa tena. Kwa siku kadhaa watu walipita, wakasalimia, wakasema pole, wakaenda kusuka kwingine. Mwisho akaja mwanamke mmoja mgeni mtaani, aliyehamia wakati Eliwaza hayupo. Hakujua habari ya kiharusi wala ya Mkonowazi. Alikuwa na haraka ya kwenda msibani. Akaketi kwenye kigoda, akafungua kilemba.

"Nisuke niende kilioni. Mistari ya kubana."

Eliwaza akagawa nywele kwa mkono wa kushoto, akazipokea kwa vidole vitatu vya kulia. Ilikuwa kazi ya taratibu sana. Mwanamke akasonya, akajigeuzageuza kigodani, akapiga miayo. Mistari miwili ilipokamilika akaomba kioo, akageuza kichwa huku na huku, akakunja uso.

"Huu wa pili umeupinda, dada. Mimi siendi msibani na kichwa cha hivi. Fumua uanze tena."

Nakijwa, aliyekuwa mlangoni, alifungua mdomo kumweleza. Eliwaza akamtikisia kichwa anyamaze. Akavuta pumzi, akaingiza kitana, akaufumua mstari ule wote, akauanza upya.